Neti ya dawa mbili kwa jicho la fundi cherehani

Lalamiko ninalolisikia kuliko yote kuhusu hizi neti mpya za dawa mbili ni kwamba haziui. Mteja anaingia na neti yake kwapani, anaibwaga mezani, anaanza: "Fundi, zile za zamani asubuhi unafagia mbu. Hii mbu anatua, anatembeatembea, anaruka kwenda zake. Tumepewa kitambaa tu." Kisha ananiagiza niikate nimshonee pazia la dirisha la jikoni, yeye atanunua ya duara sokoni Makoroboi.

Hukumu yangu naitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Kwa kazi ya kumzuia mbu wa malaria, hii ndiyo neti bora kupita zote zilizowahi kupita chini ya sindano yangu. Kwa kitambaa na mshono ni ya wastani, na kuna sehemu moja mbovu kabisa, nitaieleza. Dawa naipa nyota 5. Kitambaa nyota 2 na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu ya upole wangu.

Nashona Buhongwa, Mwanza. Sare za shule mwezi wa kwanza, magauni ya sendoff wakati wowote, na neti mwaka mzima: kuziba, kugeuza pembe nne kuwa duara, kuongeza pindo, kuunganisha mbili ziwe moja kwa kitanda cha sita kwa sita chenye watu wanne ndani yake. Jina la kiwanda sitalitaja, maana zinatoka viwanda mbalimbali na mgao wa kijiji hiki si lazima ulingane na wa kijiji kile. Cha kutazama ni kibandiko kilichoshonewa pembeni. Soma dawa iliyoandikwa pale. Ukikuta jina moja tu linaloishia na "-metrini", kama deltametrini, alfasipametrini au pametrini, hiyo ni ya dawa moja, ile ya siku zote. Ukikuta alfasipametrini pamoja na klofenapiri, hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Sasa hilo la kutoua. Dawa zile za "-metrini" ni ukoo wa piritroidi, zimeigwa kutoka ua la pareto, lile linalolimwa Iringa na Mbeya. Zinashika mishipa ya fahamu ya mbu, naye anaanguka papo hapo, ndiyo maana zamani tulikuwa tunafagia. Shida ni kwamba mbu wamezizoea. Wale walioweza kuishi ndio waliozaa, na watoto wao wamerithi vimeng'enya vinavyoivunjavunja sumu kabla haijafanya kazi. Mbu wa siku hizi anaweza kutua kwenye neti ya dawa moja akaondoka mzima na usiku wa kesho akarudi. Wanaita usugu, na Kanda ya Ziwa umejaa tele.

Klofenapiri haigusi mishipa ya fahamu. Inaingia mwilini ikiwa karibu haina madhara, halafu vimeng'enya vya mbu mwenyewe, vile vile anavyotumia kuvunja piritroidi, vinaigeuza kuwa sumu kali inayozima nguvu ya seli zake. Yaani silaha yake ndiyo inayomchinja. Nilipoelezwa jambo hili na mhudumu wa afya wa mtaani kwetu nilicheka mpaka nikaharibu mshono wa kola. Ila kazi hiyo inachukua muda. Mbu anaondoka kwenye neti yako akitembea vizuri, anakwenda kufia kichakani kesho au keshokutwa. Hata maabara wanapoipima dawa hii huwaangalia mbu mpaka saa 72, kwa sababu wakihesabu saa 24 tu kama walivyozoea wataona imeshindwa.

Mteja wangu mmoja, baba wa makamo, aliniuliza swali la maana: "Sasa kama anaondoka mzima, si atakwenda kumng'ata jirani?" Anaweza. Lakini mbu akinyonya damu yenye vimelea leo, hawezi kumpa mtu malaria kesho. Vimelea vinahitaji kukua ndani yake, siku 10 hivi au zaidi, mpaka vifike kwenye tezi za mate. Mbu anayekufa siku 3 baada ya kunyonya damu hiyo hajamwambukiza mtu vimelea hivyo. Ukiielewa hesabu hiyo hutahangaika tena kutafuta maiti sakafuni.

Na ushahidi haukutoka mbali. Umetoka Misungwi, hapo hapo, ukipanda gari Buhongwa kuelekea Shinyanga. Mwaka 2019 watafiti wa NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wakishirikiana na chuo cha tiba cha KCMUCo cha Moshi na London School of Hygiene & Tropical Medicine, waligawa aina 4 za neti katika makundi 84 ya makazi wilayani humo, makundi 21 kwa kila aina. Kisha wakawa wanarudi kupima watoto damu. Baada ya miaka 2, maeneo yaliyopewa neti ya piritroidi peke yake watoto 45.8 katika kila 100 walikutwa na vimelea. Maeneo ya alfasipametrini na klofenapiri, 25.6. Matokeo yalichapishwa 2022, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza neti hii mahali penye usugu. Kwa hiyo mtu anaposema "wametuletea majaribio ya Wazungu" namwambia ndugu yangu, majaribio yameshafanyika, wamefanyiwa shemeji zako wa Misungwi, na wao ndio waliofaidi kwanza.

Sifa zimeisha. Tuje kwenye kitambaa.

Neti nyingi za aina hii ni za polista, laini, zinaanguka vizuri kitandani, hazikwaruzi kama zile za plastiki zilizokuwa zinang'aa. Watu wanazipenda kwa ulaini huo. Mimi ulaini haunidanganyi. Uzi ni mwembamba, na ukitaka kuona, nyoosha kipande mbele ya taa halafu ukivute kwa vidole gumba viwili: vitundu vinabadili umbo na havirudi vyote. Kitambaa cha kufumwa namna hii kikikatika uzi mmoja hakifumuki chote mara moja, hilo ni jema, lakini tundu linapanuka kila unapochomeka chini ya godoro. Katika utafiti ule ule wa Misungwi, ufuatiliaji wa mwaka wa tatu ulikuta neti nyingi zimechakaa na watu wengi wameacha kuzitumia, wakati zinatarajiwa kudumu miaka 3. Hilo mimi ningewaambia bila utafiti. Zinafika hapa kibandani zikiwa na mwaka na nusu na sehemu ya chini imekwisha.

Ni hiyo sehemu ya chini ndiyo niliyosema ni mbovu. Neti kumi zikija kwangu, tisa zimetoboka kwenye futi mbili za chini. Juu nzima, kama mpya. Sababu ni chaga. Vitanda vyetu ni vya mbao, chaga hazijapigwa randa, misumari imechungulia, na kila usiku neti inachomekwa pale na kila asubuhi inavutwa. Ongeza panya, ongeza watoto wanaoingia na kutoka. Kiwanda kinajua haya yote, ni mambo ya miaka nenda rudi, lakini neti inashonwa kwa kitambaa kile kile kuanzia juu mpaka chini, na pindo la chini ni mkunjo mmoja mwembamba uliopitishiwa mshono wa mnyororo. Ukikatika mahali pamoja unavuta uzi unatoka wote. Kuna viwanda viliwahi kuweka ukanda mzito chini. Ningependa kuuona kwenye kila neti.

Tiba yangu ni pindo la kitenge. Nakata ukanda wa kitenge au shuka la zamani, upana wa inchi 12 mpaka 15, nauzungushia chini kote. Kinachochomekwa chini ya godoro kinakuwa kitenge, neti yenyewe haigusi chaga. Faida ya pili ni urefu: nyingi za mgao ni fupi kwa kitanda kilichoinuka, ukichomeka upande huu upande wa pili unachomoka. Natumia sindano namba 11, mshono mrefu, na sivuti kitambaa, nakiacha kijiendee chenyewe. Fundi atakayekupigia sindano namba 16 ya jinzi atakuwa amekutobolea neti mstari mzima.

Pindo la chini ruksa. Juu, hapana, na hapa ndipo ninapogombana na akina dada.

Mtindo ulioenea sasa ni kuchukua neti ya pembe nne ya bure, kuipeleka kwa fundi, kuifanya duara. Ringi ya waya, kitambaa cha juu cha satini au lesi, rangi ifanane na pazia. Inapendeza, sikatai, na ni fedha kwangu. Lakini mbu anashambulia kutoka juu. Watafiti wa Liverpool, Uingereza, waliwarekodi mbu kwa kamera gizani wakizunguka neti yenye mtu aliyelala, na baadaye wakafanya hivyo na mbu wa huku Mwanza. Waliona sehemu kubwa ya kutua na kugusagusa iko kwenye paa, hasa juu ya kifua na kichwa. Ni joto na pumzi zinazopanda ndizo zinazowaita. Kwa hiyo ukiniambia nikate paa lenye dawa nikuwekee satini, umenilipa niondoe pale pale ambapo mbu alikuwa aguse dawa. Atatua kwenye satini, atapumzika, atatafuta upenyo kwa nafasi yake.

Ninachofanya ni kuliacha paa, kulikusanya juu ya ringi kwa mikunjo, na lesi naiweka kama taji pembeni tu. Inakula muda zaidi na wateja wengine hawaipendi kwa sababu juu inaonekana imejaa. Mmoja aliniambia inafanana na kilemba cha bibi harusi aliyekata tamaa. Alichukua hivyo hivyo.

Duara lenyewe lina kasoro nyingine ambayo haihusiani na dawa. Kwa kuwa linashuka kama hema, pembeni linakukaribia. Kitanda cha sita kwa sita chenye watu wazima wawili na mtoto, mkono au goti la mtu lazima liegemee kitambaa, na mbu anang'ata kupitia matundu. Kwa chumba cha mtu mmoja, kitanda cha tatu na nusu au nne, duara ni sawa tu. Familia, bakini na pembe nne, tafuteni misumari minne na kamba.

Za dukani sasa. Nilitembea Makoroboi nikizishika moja moja. Nyingi za duara zinazoninginia mbele ya maduka ni nzuri kwa macho, lesi tatu, waridi, na hazina dawa yoyote. Bei 20,000, 25,000, ukikazana unashusha kidogo. Neti isiyo na dawa inazuia mbu ikiwa nzima, imechomekwa na hakuna mwili uliogusa kitambaa. Ikipata tundu moja la ngumi ni pambo. Kuna duka moja neti zilikuwa na kibandiko kimeandikwa "ina dawa" basi, hakuna jina la dawa, hakuna tarehe, hakuna namba ya toleo. Nilipomuuliza kijana wa duka ni dawa gani akanijibu, "Mama, ni dawa ya mbu." Nikarudisha kwenye msumari wake. Za kwetu zenye dawa ya kweli zipo, Arusha pale A to Z wanatengeneza tangu miaka ya 2000, lakini sokoni huku uzitafute kwa tochi.

Kwa bahati njia za kuipata bure bado zipo. Mama mjamzito anapewa anapohudhuria kliniki mara ya kwanza, mtoto anapewa anapokwenda chanjo ya surua ya miezi 9, na kuna mgao wa shule za msingi. Wanaokumbuka zamani wanajua tulikotoka: mwaka 2004 ilikuja Hati Punguzo, mjamzito anapewa karatasi ya kumpunguzia bei dukani, na neti ilikuwa ya kuchovya mwenyewe kwenye karai la dawa kila baada ya miezi 6. Nani alikuwa anachovya? Nyumba yetu tulichovya ile ya kwanza kwa shangwe, pakiti iliyofuata ikakaa kabatini mpaka ikawa jiwe. Dawa kuingizwa kiwandani peke yake ni hatua kubwa kuliko watu wanavyoithamini.

Kuhusu kuwasha: ni kweli. Siku za kwanza wengine wanawashwa usoni, wanapiga chafya, macho yanatoa machozi, hasa ikitoka kwenye mfuko na kulaliwa usiku ule ule. Itundike kivulini siku nzima kwanza. Kivulini, maana jua linaila dawa. Kuifua, sabuni ya kipande na maji ya kawaida kwenye beseni, bila jiki, bila kupiga kwenye jiwe, na si kila wiki. Hizi zimetengenezwa zihimili kufuliwa mara 20 hivi. Ukifua kila Jumamosi kama shuka, kabla mwaka haujakatika umebaki na lesi. Mara moja kwa miezi 3 inatosha, ndiyo maana nawashauri wanaopewa hiari ya rangi wachukue ya bluu. Nyeupe inakutia aibu mapema na unaifua zaidi. Na maji ya kufulia usiyamwage ziwani wala mtoni, dawa hii ni sumu kali kwa samaki.

Jambo ambalo neti hii haifanyi, na haikuahidi kufanya: haizuii dengi. Mbu wa dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anang'ata mchana, na Dar es Salaam mwaka 2019 watu walilazwa wakiwa na neti nzuri nyumbani. Huyo anamalizwa kwa kumwaga maji yaliyotuama kwenye matairi, ndoo na makopo. Wa malaria ni wa usiku, ingawa naye siku hizi jioni tukiwa barazani anatukuta. Neti inasaidia kuanzia unapoingia ndani yake, na kabla ya hapo jikinge kwa namna nyingine. Homa ikija, kapime. Nimeona watu wanameza dawa mseto ya malaria kwa sababu jirani amesema macho yamekuwa ya njano.

Matundu nayapima kama wanavyoyapima wakaguzi wa neti, na ni kipimo kinachofaa hata nyumbani: linapita kidole gumba, linapita ngumi, linapita kichwa. La kidole gumba nalishona bure kama umeniletea kazi nyingine. La ngumi 500, natia kiraka cha neti nyingine yenye dawa, vipande ninavyo vingi. La kichwa tunaongea. Yakiwa ya kichwa matatu, sikudanganyi, hiyo ikafunikie mchicha, nenda ofisi ya mtaa ukaulize mgao. Pindo la kitenge ni 6,000 na kitenge uje nacho. Neti iletwe imefuliwa na imekauka. Yenye kunguni haivuki mlango wangu, hata ikiwa ya shemeji.